Sifuri Haitiwi Karanga

Tabata,
Jumapili, jioni

Mwanangu Sekela,

Nimelipata! Nimelipata jibu, na wewe hupo. Umekwenda kusuka, na kwa jinsi ninavyomjua msusi wako anavyopenda maongezi, sikutegemei kabla giza halijaingia. Nimepiga simu yako nikaisikia inaita chumbani, juu ya kitanda, imechomekwa kwenye chaji. Nimemfuata baba yako sebuleni nikamwambia, "Baba Lusajo, nimelipata!" Akaniangalia akasema, "Nini, rimoti?" Basi nimekaa hapa mezani, nimesogeza sabuni zako pembeni, nakuandikia wewe mwenyewe. Nisipolitoa sasa hivi litanipasua kifua.

Barua hii nilipanga iwe ya kawaida, ile ambayo kila mama huandika mtoto akiondoka. Lakini habari za chandarua umeshazisikia kwangu, za marafiki umezisikia kwa shangazi yako, za kusali umezisikia kanisani leo asubuhi mbele ya watu wote mpaka ukaona haya. Na kesho stesheni, kabla treni haijaondoka, mimi najijua, nitayarudia yote tangu mwanzo. Kwa hiyo huku tuyaache. Huku nataka tuongee habari za sifuri.

Sijawahi kukwambia jinsi jambo hili lilivyonichukua. Unakumbuka lilivyoanza? Mimi nachambua karanga, wewe umekaa kwenye kizingiti cha jikoni unasubiri majibu ya chuo, unafungua simu na kuifunga. Nikakuuliza, kwa kutaka kusema neno tu, hiyo hesabu mnayokwenda kufundishwa ni ipi tena, si mmeshamaliza kujumlisha? Ukacheka. Halafu ukasema kitu nilichokidhania ni utani.

"Kwanza tunarudi nyuma, mama. Tunauliza namba zenyewe zimetoka wapi."

"Zimetoka wapi? Si vidoleni?"

"Tuseme huna vidole. Huna ndizi, huna kuku, huna kitu chochote cha kuhesabu. Una vyombo tu, na vyombo vyenyewe vitupu. Mie nikitaka nikutengenezee moja, mbili, tatu, niende hivyo bila mwisho, nitaweza?"

"Hutaweza."

"Nipe bakuli tupu."

Hapo ndipo nilipoharibu, na niliharibu kwa moyo safi kabisa. Nikanyanyuka, nikachukua lile bakuli la kijani, nikalisuuza, nikalifuta. Mkono mmoja unakupa bakuli, mkono wa pili unatumbukiza karanga. Ukasema, "Mama, nimeomba tupu." Nikakujibu utafune huku unaeleza. Ukazimimina karanga kwenye ungo, ukaniomba na kikombe. Nikakuletea kikombe. Ulipochungulia ndani ukakuta kipande cha kashata. Ukashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama! Sifuri haitiwi karanga! Wala kashata!"

Mwanangu, si ubishi. Bibi yako kule Tukuyu hakuwahi kunikalisha chini akanifundisha, nilimwona tu. Bakuli la jirani lililokuja na maharage lilirudi na ndizi. Kama ndizi hakuna, lilirudi na unga. Kama na unga hakuna, aliweka chumvi kidogo kwenye jani, mradi chombo kisiingie kwa mwenyewe kikiwa wazi. Kwetu kumrudishia mtu chombo kitupu ni kumwambia kwamba mimi na wewe tumemalizana. Nimekuja nayo hiyo mpaka Dar es Salaam, na nikawakuta watu wa huku nao wanayo. Siku hizi mkono unafanya wenyewe, hauniulizi.

Ndipo ukaniuliza swali ambalo mpaka leo nikilikumbuka nacheka peke yangu.

"Kazini kwako, lori likirudisha kontena, ukifungua ukakuta ndani mna kitu, unafanyaje?"

"Silipokei."

"Hata kikiwa kigunia kimoja?"

"Hata kipande cha ubao. Dereva afagie kwanza."

"Kwa hiyo kazini chombo kikiwa na kitu unakikataa. Nyumbani kisipokuwa na kitu unakikataa. Mama, wewe ni mtu mmoja kweli?"

Nilicheka mpaka ungo ukaniponyoka. Miaka yote nimesimama pale getini Kurasini, kwenye yadi ya makontena matupu, nafungua milango ya makontena, namulika ndani kwa tochi, nawaambia madereva tupu, pita. Halafu narudi Tabata nakagua vyombo vyangu visiende kwa watu vitupu. Sikuwahi kuyaweka mambo haya mawili pamoja. Ilibidi mtoto niliyemzaa mwenyewe akae kizingitini aniwekee.

Na hapo hapo nikaelewa, Sekela. Ungenieleza ubaoni nisingeelewa hata kidogo. Lakini kontena tupu nalijua mimi. Kontena tupu si sawa na kukosa kontena. Linakula nafasi yadi, linabebwa na lori, watu wanalisubiri, madereva wanaligombania. Nikitangaza kwenye redio ya upepo kwamba tupu limeingia, hakuna mtu anayesema basi hakijaingia kitu. Nikakwambia hivyo, nawe ukaruka juu.

"Ndiyo hiyo, mama! Seti tupu ni kitu. Ndani yake ndiyo hamna kitu."

Ukaliweka bakuli la kijani katikati ya meza. Ukasema hii ni sifuri. Nililitazama bakuli lile, na kwa mara ya kwanza maishani nikatazama bakuli tupu mezani kwangu bila kuona aibu.

Kilichofuata nakiandika kwa furaha maana nilijaribu kukuwahi. Ulichukua kopo kubwa la siagi, ukaliweka bakuli ndani. Ukauliza humu mna vitu vingapi, nikasema kimoja, ukasema basi hii ni moja. Ah! Nikajiona nimeshafika. Nikavuta sufuria, nikatumbukiza kopo na bakuli lake, nikasema hiyo mbili. Nikavuta na beseni, nikatumbukiza sufuria, nikasema hiyo tatu, na nikakaa chini kifua mbele.

"Fungua sufuria," ukasema. "Mna vitu vingapi?"

"Mna kopo."

"Vingapi, mama?"

Kimoja. Kopo moja tu, bakuli limo ndani ya kopo, si la sufuria. Mbili yangu ilikuwa na kitu kimoja! Ukaniambia taratibu, kwa sauti ile unayotumia kwa watoto wa Sunday School, kwamba kuna mtaalamu zamani alizijenga namba hivyo hivyo, na zinakwenda vizuri tu, ila sisi tunataka mbili ukiifungua ukute viwili. Mimi nilisikia ile nusu ya kwanza. Jumatatu yake pale getini hakuna karani wala dereva ambaye hakuambiwa kwamba mimi nafikiri kama wataalamu wa zamani.

Halafu ukanionyesha yenyewe. Mbili ni sufuria yenye sifuri na moja ndani, yaani bakuli tupu, na pembeni yake kopo lililobeba bakuli tupu. Ukifungua, viwili. Tatu ni beseni lenye sifuri, moja na mbili. Ukifungua, vitatu. Ukitaka inayofuata, chukua kila kilichokuwa ndani ya namba uliyo nayo, kisha ongeza na hiyo namba yenyewe. Hakuna anayeachwa nje. Nikashika mdomo. Niliona zinavyokwenda, nne, tano, sita, mia, zote kwa kanuni hiyo moja, na zote ukizichambua mpaka mwisho unakuta vyombo vitupu tu!

Shida ikawa vyombo. Sifuri inataka kimoja, moja inataka viwili, mbili vinne, tatu vinane. Kila ukipanda namba vyombo vinakuwa maradufu. Baba yako akaja jikoni anauliza chai anywee wapi, nikamjibu bila kugeuka, "Subiri kidogo, kikombe chako kiko ndani ya tatu." Sijui alielewa nini. Alikunywa chai kwenye kifuniko cha chupa ya chai, akarudi kuangalia mpira.

Nne ilitaka kumi na sita, na kabati letu lilikuwa limeshakauka. Ukaenda kwa Bi Zuhura, ukuta kwa ukuta, kuomba mabakuli. Naye kwa kuwa ni Bi Zuhura hakukupa matupu, mawili yalikuja na kaimati. Tukala kaimati, tukaosha mabakuli, tukaijenga nne sakafuni, tukaizunguka tunaishangaa. Ilikuwa siku nzuri sana ile, mwanangu. Sidhani kama nilikwambia.

Kesho yake mimi nikaenda kazini, wewe ukamrudishia mama wa watu mabakuli yake. Safi, yamekauka, matupu. Jioni narudi namkuta amesimama mlangoni kwetu, khanga kaifunga kwa uchungu.

"Mama Lusajo shoga yangu, mie nimekukosea nini?"

"Kivipi tena, Bi Zuhura?"

"Mtoto kanirudishia mabakuli matupu. Nimekaa nawaza tangu asubuhi. Nikasema hii ishu ya kuku wangu tu, wamechimbua mchicha wake. Kama ni kuku niambie, ntawafungia, sio mpaka tufike huku."

"Wallahi si kuku," nikasema, mimi Mlutheri mzima. "Ni hesabu."

"Hesabu gani hiyo ya kuvunja ujirani?"

Nikamvuta ndani, nikamkalisha kwenye mkeka, nikaingia jikoni nikaleta vyombo. Wewe ulikuwa umekwenda kupiga picha za pasipoti, hukuyaona haya. Nilimjengea sifuri. Nikamjengea moja. Nikamweleza habari ya kontena. Aliponishika kwamba mbona mbili isiwe chombo ndani ya chombo ndani ya chombo, nikamwambia afungue ahesabu, na nilipoona uso wake umebadilika nilitaka kupiga vigelegele. Akavifungua vile vyombo kimoja kimoja. Kisha akauliza, "Kwa hiyo ukivichambua vyote mpaka mwisho, hamna kitu?" Nikamwambia hamna kitu, Bi Zuhura, ni vitupu tu. "Na mnahesabu?" Tunahesabu. "Subhanallah," akasema. Halafu akasogea karibu na mkeka. "Na tatu inakuwaje?"

Tatu tuliijenga pamoja. Aliondoka na mabakuli yake yamejaa ndizi, amani imerudi, na mimi nikabaki nimekaa chini kwenye mkeka nimechangamka kama niliyekunywa kahawa. Nilikuwa nimeeleza kitu! Kitu chako wewe, nimekieleza kwa mdomo wangu, na mtu ameelewa.

Sasa nikwambie kwa nini hili ni kubwa kwangu. Si kwa sababu ya hesabu peke yake.

Unamkumbuka kaka yako Lusajo alivyokuwa na redio zake. Kila redio mbovu ya mtaa huu ilipita juu ya meza hii hii. Alikuwa akinifuata jikoni na kijiwaya mkononi, "Mama, ona, huu ndio ulikuwa umekatika," na mimi nikimwambia aniondolee uchafu nataka kuandaa chakula. Sikuwa mkali. Nilikuwa na njaa, nimechoka, na nilidhani kupenda kwake redio ni jambo lake, jambo langu ni ale, avae, asome. Alikula, akavaa, akasoma. Leo yuko Mwanza, ana duka lake la kutengeneza simu, na ananipigia kila Jumapili bila kukosa. Shikamoo mama. Marahaba, mmeamkaje? Salama, huko? Salama, umekula? Nimekula. Haya mama. Haya mwanangu. Tunapendana, na hatuna la kuambizana. Siku hizi nimeanza kumuuliza simu zinaharibika nini, ananijibu kwa upole, kwa kifupi, maana hajazoea. Nitaendelea kumuuliza.

Kwa hiyo ulipochaguliwa kwenda kusoma hesabu Dodoma, watu walinipongeza, nami nikafurahi, lakini ndani nilikuwa na woga mmoja tu. Sikuwa na woga wa wahuni wala wa njaa. Nilijiona Jumapili nimeshika simu nakuuliza umekula, wewe unasema nimekula, basi. Unakwenda kwenye mambo ambayo sitayaweza, kila mwaka mbele zaidi, na sisi tutabaki na salamu. Sikutaka hilo litupate mimi na wewe. Sitaki kabisa.

Ndiyo maana Alhamisi ulipoondoa sahani ukasema, "Mama, nakuachia swali," mimi nililipokea kwa mikono miwili. Ukasema una tatu na una tano mbele yako. Bila kuhesabu, bila kutaja ipi inatangulia, kwa kuviangalia vyombo tu, utajuaje ipi ndogo? Nikakwambia nitapima uzito. Ukasema kwenye seti vyombo havina uzito. Nikasema basi beseni lipi kubwa. Ukasema havina ukubwa wala rangi, kilichopo ni nini kimo ndani ya nini. Ukaenda kulala. Mimi nikabaki nalo. Ijumaa getini nilipitisha makontena huku natikisa kichwa, mpaka dereva mmoja akaniuliza, "Mama, vipi, kuna ishu na mzigo?" Tano siwezi hata kuijenga, inataka vyombo thelathini na viwili. Ilibidi niifanyie kichwani.

Leo napanga begi lako. Baba yako akapita na kikombe chake mkononi, kikombe kile kile, na nikakumbuka nilivyomjibu siku ile. Kikombe chako kiko ndani ya tatu. Nikasimama na soksi zako mkononi.

Sekela, sikiliza! Mtu akiniomba tatu, na mimi nina tano mezani, sihitaji kuijenga. Nafungua tano, naitoa humo humo, tatu nzima, imekaa inanisubiri, maana tano ilipojengwa ilizibeba zote, sifuri, moja, mbili, tatu na nne. Lakini mtu akiniomba tano, na mimi nina tatu tu? Nitafungua, nitapekua, nitachungulia mpaka kwenye kikombe cha mwisho, tano sitaiona. Haimo! Kwa hiyo ndogo ni ile iliyomo ndani ya mwenzake. Basi! Sihesabu chochote. Nafungua moja naangalia kama nyingine imo. Ndiyo yenyewe? Niambie ndiyo yenyewe. Najua ndiyo yenyewe, maana nimeijaribu kwa moja na tatu hapa sakafuni, kwa sufuria zako mpya, na ndiyo sababu utakuta begi limefumuliwa na nguo zako ziko kitandani. Usinune, nitalipanga upya.

Sijawahi kufurahi hivi kwa jambo la kichwa. Nilipomaliza shule nilidhani mambo ya namna hii yamefungwa, ni ya wengine. Kumbe yalikuwa jikoni. Na wewe uliyeniletea ukaniachia swali badala ya jibu, sijui umejifunza wapi hivyo, lakini asante, mwanangu. Fanya hivyo tena. Nitakosea, nitatumbukiza sufuria kwenye beseni nijione nimemaliza, wewe niambie tu nifungue nihesabu.

Chini kabisa ya begi, ndani ya taulo, utakuta kopo dogo la bluu lenye mfuniko, lile ulilokuwa ukipeleka nalo chakula shule ya msingi. Nililitia karanga, nikazitoa. Nikalitia pipi za safari, nikazitoa, zimo kwenye mfuko wa pembeni. Mkono umenisumbua sana. Mwisho nimelifuta, nimelimulika kwa tochi kama kazini, nimelipitisha. Ukilifungua huko Dodoma usidhani mama kasahau. Ni sifuri yako ya kuanzia, na sijawahi kumpa mtu yeyote chombo kitupu isipokuwa wewe.

Na Jumapili ukinipigia, nitakuuliza umekula, siwezi kujizuia. Ukishajibu hilo, usikate. Niambie mmefika wapi, na uniachie swali.

Likizo ukija, rudi nalo hilo kopo. Usilitie zawadi. Nitakusubiri mlangoni, nitalifungua, nitachungulia, na nikikuta hamna kitu hata chembe nitakukumbatia mbele ya Bi Zuhura na kuku wake wote.

Nasikia geti linalia, nasikia na sauti yako unamwamkia mtu. Umerudi! Barua hii naichomeka kwenye mfuko wa pembeni wa begi, utaisoma treni ikishaondoka. Lakini jibu siwezi kulingojesha mpaka huko. Natoka kukwambia sasa hivi, kabla hujavua viatu.

Mama yako